Vijana wa Lubumbashi Wasomwe kama Waandishi

Mara nyingi katika sherehe za Wakongomani ughaibuni, kijana anayeandika huitwa asome shairi moja wakati wageni wakingoja chakula. Hupigiwa makofi, na hakuna anayemuuliza muswada wake umefika wapi. Jarida hili linaona kwamba huko ni kumnyima heshima, na Lubumbashi yenyewe ni shahidi.

Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981. Riwaya yake ya kwanza, Tram 83, ilitoka Paris mwaka 2014. Ndani yake Lucien, mwandishi, anapigania kuandika katika mji wa migodi ambako kila mtu anakimbilia pesa. Riwaya hiyo ilishinda tuzo ya fasihi ya Etisalat ya mwaka 2015, na mwaka 2017 tafsiri yake ya Kijerumani ikatuzwa Berlin. Sinzo Aanza, mzaliwa wa Goma, alikuwa na miaka 25 hivi alipotoa Généalogie d'une banalité mwaka 2015, riwaya ya wakaaji wa Lubumbashi wanaochimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe.

Vitabu vyote viwili viliandikwa kwa Kifaransa na kuchapwa Ufaransa. Mama anayeuza unga kule Katuba au Kenya, mitaa ya Lubumbashi, ambaye maisha ya mji wake yamo humo, ni vigumu avipate, na hata akivipata si lazima avielewe.

Kiswahili cha mji nacho kina waandishi wake tangu zamani. Mwaka 1965, mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya maboi wa zamani, watu waliopika na kufua katika nyumba za wazungu. Maandishi hayo yalikaa miaka 25 kabla mwanaanthropolojia Johannes Fabian hajayatoa katika kitabu, Amsterdam, mwaka 1990.

Kijana wa leo asingojeshwe hivyo. Kuanzia toleo lijalo, jarida hili litatenga kurasa kwa waandishi vijana, wa Lubumbashi na wa ughaibuni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kama kinavyosemwa nyumbani. Kazi zao zitahaririwa kwa ukali uleule wanaohaririwa nao wakubwa, na zikiwa dhaifu zitarudishwa pamoja na maelezo. Wazazi wanaombwa jambo moja: wanunue vitabu vya vijana hawa, wavisome, kisha wabishane na waandishi wenyewe juu ya yaliyoandikwa.