Rauta ya Kwanza, Ugomvi wa Kwanza

CHUMBA NA SEBULE, na Mhariri

Leo tunaingia ndani ya nyumba ya wawili walioanza maisha juzi tu. Harusi imeisha, zawadi zimefunguliwa, mna majiko mawili ya gesi (kila shangazi aliona alete la kwake), seti tatu za glasi na mablanketi ya kutosha kijiji kizima. Kitu ambacho hakuna mgeni hata mmoja aliyekibeba ni intaneti. Hiyo mtajinunulia wenyewe, na hapo ndipo mambo huanza.

Nianze na yangu, maana sipendi kumshauri mtu jambo ambalo mimi mwenyewe halijanichoma.

Tulipooana tulipanga Tabata. Kila mmoja alikuwa na bando lake kwenye simu. Siku ninazofanyia kazi nyumbani nilikuwa nawasha hotispoti ya simu, naunganisha laptopu, nikimaliza bando naongeza lingine. Siku moja tukakaa tukapiga hesabu: wawili sisi tulikuwa tunamaliza zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwezi kwa vibando vya kuungaunga. Tukakubaliana tutanunua rauta. Naomba ulishike hilo neno, tutanunua.

Ijumaa ile ile mwenzangu akarudi na boksi mkononi, anacheka peke yake. "Mke wangu, zawadi yako hii." Alikuwa ametoa shilingi 150,000, na kifurushi cha mwezi kimo humo humo. Hakuniuliza lolote. Nikanyamaza, zawadi haikataliwi.

Jumatatu nilikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video. Kazi yenyewe niliifuatilia miezi minne. Saa 4 asubuhi nimevaa koti, nimepaka na lipstiki, chini nina kanga. Dakika ya tatu picha ikaganda. Nikazima kamera, sauti ikaanza kuja vipande vipande. Mwishowe yule mama wa upande wa pili akaniambia kwa upole kwamba watanitafuta. Hawakunitafuta mpaka leo.

Jioni yake jamani, kulikuwa hakukaliki. Mimi: "Kwa nini unaamua mambo peke yako?" Yeye: "Nimetoa hela yangu, badala ya kushukuru unanifokea?" Hela yangu! Hilo neno liliniuma kuliko hata ile kazi.

Kumbe kosa lilikuwa dogo tu. Rauta aliijaribu ofisini kwake Posta, ikakimbia vizuri sana. Kwetu Tabata tulikuwa bondeni, na ile kampuni mnara wake ulikuwa mbali. Tena rauta yenyewe ilikuwa imefungwa, haikubali laini ya kampuni nyingine. Laki na nusu ikageuka pambo la sebuleni.

Rauta ya pili tuliitafuta wote wawili. Haya ndiyo tuliyojifunza, na mengine nimeyapata kwa vijana wetu wa IT hapa ofisini.

Anza na mtaa wako, duka baadaye

Swali la kwanza ni intaneti gani inafika pale mnapolala. Kuna faiba, yaani waya unaoletwa mpaka ndani, na kuna rauta ya laini ya simu, ya 4G au 5G. Kama faiba imefika mtaani kwenu, mara nyingi ndiyo iliyotulia zaidi, na kampuni nyingi huja na kifaa chao. Kwa hiyo usikimbilie Kariakoo kununua rauta kabla hujawauliza wanakuja na nini. Ila kumbuka, faiba inataka kutoboa ukuta. Kama mmepanga, mwombeni mwenye nyumba kwanza, tena kwa maandishi. Na jiulizeni: kodi ikiisha mtakuwepo hapa? Rauta ya laini mnaibeba kwenye mkoba, waya wa ukutani mnamwachia mpangaji ajaye.

Kama mnaenda na rauta ya laini, fanyeni jaribio ambalo sisi hatukufanya. Azimeni simu za marafiki wenye mitandao tofauti, wakaribisheni chai nyumbani, kisha pimeni spidi ya kila mtandao mkiwa sebuleni na chumbani. Pimeni mchana, halafu mpime tena saa 2 au saa 3 usiku, wakati mtaa mzima umerudi kazini na kila mtu anaangalia video. Hiyo ya usiku ndiyo spidi mtakayoishi nayo.

Na muulizeni muuzaji moja kwa moja: hii imefungwa kwa mtandao mmoja au inapokea laini zote? Iliyofunguliwa hugharimu zaidi kidogo, lakini mkihamia Mbezi na mtandao wenu hausomi, mnabadilisha laini tu.

Namba za kwenye boksi zisikutishe

Utaona boksi limeandikwa AC1200 na muuzaji anakwambia "hii ni moto, dada". Ile 1200 ni jumla ya uwezo wa rauta kwenye mawimbi yake mawili, karibu 300 kwenye GHz 2.4 na 867 kwenye GHz 5. Siyo spidi utakayoipata. Kama kifurushi chenu ni cha megabiti 10 kwa sekunde, hata rauta iwe ya bei ya pikipiki, mtapata hizo hizo 10. Halafu megabiti siyo megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8, kwa hiyo 10 zenu ni megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Wengi hapo ndipo wanapodhani wameibiwa.

Je, 10 zinatosha? Netflix wenyewe wanasema filamu ya picha safi ya Full HD inataka megabiti 5. Mmoja aangalie filamu, mwingine awe kwenye kikao cha video, mtaenda sawa, mradi ziwe 10 za kweli.

Nunueni yenye mawimbi yote mawili. GHz 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini imejaa watu: rauta za majirani ziko humo, na hata maikrowevu ikiwashwa huivuruga. GHz 5 ina kasi zaidi ila huchoka mapema ikikutana na ukuta. Kwa chumba na sebule, Wi-Fi 5 inawatosha kabisa. Wi-Fi 6 ni nzuri zaidi vifaa vikiwa vingi, na kama tofauti ya bei ni ndogo, chukueni. Wingi wa antena usiwadanganye, siyo pembe za ng'ombe hizo.

Isikae nyuma ya friji

Wengi tunaificha kwa sababu haipendezi. Tunaisukumia nyuma ya televisheni au chini ya kabati, halafu tunalalamika chumbani haifiki. Rauta ya faiba iwekeni juu, katikati ya nyumba, mbali na friji, kioo kikubwa na chuma. Ya laini ni tofauti kidogo, kwa sababu yenyewe nayo inahitaji kuuona mnara. Jaribuni dirisha moja baada ya jingine mpaka taa zake ziwe zimejaa. Kwetu ilikubali dirisha la jikoni, basi inakaa pale jirani na chumvi.

Umeme ukikatika je?

Waliopitia mgawo wa mwishoni mwa 2023 wanajua. Laptopu ina chaji, simu ina chaji, lakini rauta imezimika na wewe una kikao na bosi. Kuna vibetri vidogo vya akiba vya rauta, vinaunganishwa kati ya adapta na rauta, umeme ukienda inaendelea kuwaka. Kabla ya kununua, someni karatasi iliyobandikwa kwenye adapta: kuna za volti 12, kuna za 9, kuna za 5. Mkipeleka volti 12 kwenye rauta ya 9, mnaweza kuiunguza siku hiyo hiyo.

Na simu isikose bando dogo la dharura. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, nchi nzima ilishikwa na kwikwi, na siku kama hiyo hata bando halitawasaidia sana. Lakini kwa siku za kawaida, rauta ikigoma, hilo bando dogo linaokoa kazi ya mtu. Muulize mwandishi wa ukurasa huu.

"Bila kikomo" yenye kikomo

Saa moja ya filamu ya HD yaweza kula hadi gigabaiti 3. Mkiangalia saa mbili kila usiku, mwezi ukiisha mmefika kama 180. Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizeni kifurushi ni cha gigabaiti ngapi, na kama kinaitwa bila kikomo, ulizeni spidi inashushwa mkifika wapi. Mara nyingi maelezo hayo yapo, ila yameandikwa kwa herufi za sisimizi.

Paswedi, na lile jambo la wivu

Siku ya kwanza badilisheni paswedi mbili: ya Wi-Fi na ya kuingilia kwenye mipangilio ya rauta yenyewe. Hiyo ya pili wengi huiacha kama ilivyotoka kiwandani, na mara nyingi ni "admin", ambayo hata mtoto wa jirani anaijua. Kwenye ulinzi chagueni WPA2 au WPA3. Kama rauta yenu ina mtandao wa wageni, uwasheni, mashemeji na majirani wapewe huo. Mkitaka kuwaondoa mnabadilisha wa wageni tu bila kuchokoza udugu.

Sasa hili la wivu. Nimeshaulizwa na dada zaidi ya mmoja: "Eti akiwa na paswedi ya rauta anaweza kusoma meseji zangu?" Hapana. Mwenye rauta anaona vifaa vilivyounganishwa, na nyingine humwonyesha tovuti zilizotembelewa. Lakini WhatsApp imefunga jumbe zake mwisho hadi mwisho tangu 2016, rauta haizioni. Nawaambia hivi siyo ili muwe na amani ya kuficha mambo. Nawaambia kwa sababu najua nyumba ambayo mume aliificha paswedi ya mipangilio, mke akaamini anapelelezwa, wakakaa wiki mbili hawaongei. Alichokuwa anaficha ni kwamba hajui hata namna ya kuingia humo. Paswedi zote mbili ziandikwe mahali ambapo wote wawili mnaweza kuzipata.

Ya kwetu iliishaje?

Tulifungua bahasha ya nyumba. Mshahara ukitoka kila mmoja anaweka chake, luku, maji na intaneti vinalipwa humo. Siyo nusu kwa nusu, kila mtu kwa kadiri ya kipato chake. Tangu hapo "hela yangu" sijaisikia kwenye mambo ya nyumba.

Siku ya kununua rauta ya pili mimi nilikuwa kazini, katikati ya kikao. Simu ikaita, ni yeye, kwa nyuma nasikia kelele za Kariakoo. Nikatoka nje kupokea. "Mke wangu, nipo dukani. Ni ile tuliyoiandika, inapokea laini zote, waranti mwaka mmoja. Anataka 180,000. Nilipe au nije?" Nikamwambia aombe apunguziwe. Wakafika 165,000.

Kuhusu ule usaili, hakuwahi kusema samahani kwa maneno, wanaume wetu mnawajua. Lakini kila nikiwa na kikao cha video, yeye huzima data zake zote, anachukua gazeti anakaa nje barazani mpaka nimalize. Nami nimeipokea hivyo hivyo.

Na wewe mwenzangu, intaneti ya kwenu nani aliichagua na nani anailipa? Tuandikie, barua nzuri tutazichapa. Kabla hujatoa hela, mpigie mwenzako. Tukutane mwezi ujao!