Kijana mwenye kupiga shaba



Siku moja mama mmoja wa Katuba alikuja kwangu na mashitaka. «Baba Pasta, huyu mutoto wangu anapiga shaba toka asubui mpaka magaribi. Ko! ko! ko! Kazi hatafute. Umuambie aache.» Nami sikuuliza neno. Nilimwita kijana, nikamwambia atupe nyundo yake na atafute kazi ya kweli. Akaenda kulala kwa mjomba wake mwezi mzima. Leo ninaandika kwa sababu nilikosa.

Baadaye nilimfuata mahali anapofanyia kazi. Sisi wa Lubumbashi tunazijua picha za shaba ya kupigwa: bamba jembamba linapigwa kwa upande wa nyuma, na mama mwenye kutwanga anainuka kwa upande wa mbele. Lakini yeye alinionyesha kingine. Alikuwa amekwaruza bamba dogo kwa ncha ya chuma, akapaka wino, akakandamiza karatasi. Picha ya kanisa letu ikatoka, lakini jina la kanisa lilisomeka kinyume. Akacheka: «Baba Pasta, huku kila kitu kinageuka!»

Ndugu msomaji, kazi hiyo ni ya zamani. Ziko njia nyingi. Mimi nitataja tatu. Ya kwanza ni ya mbao: unakata sehemu zote zitakazobaki nyeupe, unaacha mistari imesimama, wino unapakwa juu yake. Ya pili ni ya shaba, nayo ni kinyume: unachimba mstari kwa chuma chenye ncha kali, unasukuma wino ndani ya mifereji, unapangusa juu pawe safi, kisha karatasi yenye unyevu inakandamizwa kwa mashini mpaka inavuta ule wino. Ya tatu, bamba linapakwa nta, unachora kwa sindano juu ya nta, na asidi inakula shaba pale tu ilipofunuliwa. Katika zote tatu, maandishi yanachorwa kinyume ili yasomeke sawasawa.

Huko Ulaya, katika miaka ya 1400, walioanza kuchora shaba kwa ajili ya kupiga chapa walikuwa mafundi wa dhahabu, watu wa nyundo kama kijana wetu. Albrecht Dürer wa Ujerumani alikuwa mtoto wa fundi wa namna hiyo. Mwaka 1498 alitoa kitabu cha Ufunuo chenye picha za mbao. Rembrandt wa Uholanzi (1606–1669) alitumia asidi, na picha yake moja yenye sifa kubwa inaonyesha Yesu akiponya wagonjwa.

Na kwetu? Babu zetu waliyeyusha shaba karne nyingi mbele ya kampuni kufika. Waliimwaga katika kalibu, wakapata misalaba iliyotumika kama feza. Mingine ilikutwa ndani ya makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Basi, mikono yenye akili ya shaba si kitu kigeni hapa. Somo la kigeni ndilo hili tunalofundisha watoto: kwamba shaba ni ya kuchimbwa na kupelekwa mbali tu.

Hata kanisa limesaidia. Huko Rorke's Drift, Afrika ya Kusini, Walutheri walianza kituo cha ufundi katika miaka ya 1960. John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943, alijifunza huko kukata picha katika linoleo, ile ya kutandika chini nyumbani. Alichora habari za Biblia na za maisha yake mwenyewe, mpaka akajulikana inchi nyingi. Alikufa mwaka 1987.

Wazazi, someni Kutoka 31. Mungu alimjaza Bezaleli Roho yake kwa kazi ya mikono, na shaba imetajwa pale wazi.

Ninyi vijana, sikieni pia. Ukitaka kujaribu, anza na kipande cha mbao laini, kisu, wino na mgongo wa kijiko wa kusugulia karatasi. Usikate kuelekea mkono wako. Asidi usiiguse pasipo fundi. Na ukinunua shaba, uliza imetoka wapi: waya wa kuibiwa hauwezi kuzaa kazi ya baraka.

Yule kijana amerudi kwa mama yake. Tajiri hakuwa. Asubuhi anasaidia sokoni, mchana anapiga shaba. Mstari uliokosewa katika shaba, fundi anaweza kuukwangua na kuulainisha, lakini ni kazi ya polepole. Neno langu la siku ile nalo ningali ninalikwangua.

Muongee nyumbani: Mtoto wetu ana kipaji gani? Sisi tumemsaidia, ao tumemfukuza?

Ni mimi, mchungaji wenu.