Wazazi wale wale, mbona mmoja anaumwa?

Baada ya kipindi cha ndoa, swali lililojaa kwenye meseji zenu ni hili: mama mmoja, baba mmoja, iweje dada awe na selimundu (nyumbani wengine wanaiita sikoseli) na kaka yake mzima kabisa? Tuelewane mapema, sio uchawi, na sio "damu ya kina mama yake". Mashangazi tunawapenda, lakini hapo hapana.

Iko hivi. Seli za mwili wako zina kromosomu 46, yaani jozi 23: nusu za mama, nusu za baba. Yai na mbegu ya kiume zenyewe hubeba 23 tu, moja kutoka kila jozi, na ipi itoke ni bahati. Jeni ya selimundu iko kwenye kromosomu ya 11, kwa hiyo kila mtu ana nakala mbili. Ukiwa na moja nzima (A) na moja yenye hitilafu (S), wewe ni AS: unadunda zako, pengine hata hujui. Ukipata S mbili, chembe nyekundu za damu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yake muulize anayeyajua.

AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Kila mimba! Wengi hudhani wa kwanza akiumwa, watatu wanaofuata wamepona. Wapi, kete inarushwa upya. Na mtoto hawi SS bila S moja ya baba, kwa hiyo mama anayeachwa eti "kaleta ugonjwa" amedhulumiwa mchana kweupe.

Kwa nini kwetu iko nyingi? Kuwa AS humkinga mtoto na malaria kali. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954.

Saudi Arabia wachumba wanapimwa kwa sheria tangu 2004. Marekani, majimbo yote yanapima watoto wachanga tangu 2006, kwa hiyo kama ulizaliwa huko baada ya hapo, muulize mama kama majibu yako anayo. Hayapo? Nenda kwa daktari, mwambie unataka kujua kama ni AA au AS. Wanachukua damu kidogo tu. Na mwenzio naye apime, kabla posa haijapelekwa na wajomba hawajakata tiketi.