Mahali pa Kulala Mlimani

Kijana atokaye Lubumbashi kwenda kupanda mlima mrefu huuliza mambo mengi kabla ya safari: viatu vya namna gani, koti zito kiasi gani, chakula cha siku ngapi, na gharama yote itakuwaje. Swali moja husahauliwa mara nyingi, nalo lina uzito kuliko hayo yote: usiku wa mwisho kabla ya kilele, tutalala wapi?

Sisi watu wa Katanga tunakaa juu ya uwanda. Mji wetu una kimo cha mita 1,200 hivi, na hata atembeaye juu ya Kundelungu hafiki mbali zaidi ya mita 1,700. Hewa hiyo tumeizoea tangu utoto, lakini haitufundishi lolote juu ya hewa ya mita 4,000 na zaidi. Ufikapo mita 5,500, kila pumzi hukupa kadiri ya nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Mwili wa binadamu waweza kuzoea, ila huzoea polepole, wala haujali kama una miguu ya mchezaji wa mpira. Tena mtu alalapo pumzi zake hupungua. Ndiyo sababu ugonjwa wa mlimani mara nyingi huzidi usiku, watu wakiwa wamejifunika blanketi na kila mmoja akidhani mwenzake amelala salama.

Basi madaktari wameweka kanuni nyepesi. Ukiisha kupita mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mara mbili mahali pamoja. Mchana waweza kupanda juu zaidi, mradi jioni urudi chini. Wapitao upande wa magharibi wa Kilimanjaro hufanya hivyo: hupanda hata mwamba uitwao Lava Tower, penye mita 4,600 hivi, hula chakula cha mchana hapo, na baadaye hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mgeni hunung'unika kwamba amepandishwa bure. La, hakupandishwa bure.

Sasa tazameni mlima wetu wenyewe, Rwenzori, ambao kilele chake Margherita, chenye mita 5,109, ndicho kirefu kuliko vyote katika Kongo, tena kipo mpakani na Uganda. Mtawala wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikifikia mwaka 1906 akitokea upande wa Uganda, na kambi yake kubwa aliiweka Bujongolo, chini ya mwamba ulioinama kama paa, kwa maana nchi ile ni matope na mvua. Upande wa Kongo njia huanzia Mutwanga, nayo ina vibanda: Kalonge karibu na mita 2,100, Mahangu karibu na 3,300, kisha Kiondo juu ya 4,000. Pigeni hesabu wenyewe. Kutoka kibanda hadi kibanda ni mruko wa mita 900 au 1,200! Vibanda hivyo havikupangwa kwa kipimo cha mapafu. Kama amani ingekuwapo, maana vita vya mashariki vimewazuia wasafiri wengi, ningewashauri vijana walale Mahangu usiku mbili, hata kama kiongozi ana haraka.

Wengi wetu kwa hiyo hutazama Kilimanjaro, ambako mtu aweza kufika kwa barabara, kupitia Kasumbalesa na Tunduma. Na huko kuna jambo linalobishaniwa sana. Kwa desturi watu hulala Kibo au Barafu, penye mita 4,700 hivi, huamka usiku wa manane, na kupanda gizani hata alfajiri. Ni safari ya mateso. Basi wengine husema: tulale juu zaidi, ndani ya kreta yenyewe, karibu na barafu ya kale, penye mita 5,700, asubuhi Uhuru, mita 5,895, itakuwa karibu sana.

Maneno hayo yanapendeza, nami sikubaliani nayo. Ugonjwa wa mlimani ukizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba. Dalili hujulikana: mtu hupumua kwa shida hata akiwa amekaa, hukohoa povu, au huyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyo na maana. Dawa na oksijeni husaidia kidogo, lakini tiba yenyewe ni kushuka, saa ile ile, pasipo kungoja mapambazuko. Na kreta ni kama bakuli. Ili kumtoa mgonjwa humo kwa njia ya kawaida, yakupasa kwanza kumpandisha hata ukingoni, ndipo uanze kumteremsha. Njia nyingine ni ile ya Western Breach, ambayo ni mwinuko mkali wa mawe yasiyoshikamana; huko mwezi wa Januari 2006 maporomoko ya mawe yaliwaua Wamarekani watatu. Nani atambeba mgonjwa hapo usiku, kwa mwanga wa tochi?

Juu ya Nyiragongo, kabla ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, wageni walilala ukingoni kabisa, wapate kuona moto wa ziwa la lava usiku. Kimo chake ni mita 3,470 tu, na wengi walipata kuumwa kichwa basi. Lakini watu wa Goma wanalo neno ambalo kila mpiga hema angelijua: mazuku, hewa nzito itokayo ardhini na kutuama mabondeni, isiyoonekana wala kunusika, na kuua watu na mifugo. Katika nchi ya volkano, shimo lililokingwa na upepo si lazima liwe mahali pema.

Kwa kundi la wanafunzi ningechagua hivi: Horombo, mita 3,720, usiku mbili, na siku ya katikati kutembea kuelekea Mawenzi na kurudi. Kisha Kibo. Mruko wa mita 1,000 ni mkubwa, sikatai, ila pale mtu hajilazi usiku kucha. Hujinyosha saa chache tu. Na mtu akizidiwa, njia ya kurudi Horombo ni pana na huteremka moja kwa moja, hata wanaookoa watu huweza kumsukuma mgonjwa juu ya machela yenye gurudumu.