Kilembwe: mwalimu ni yule yule, tofauti ni nani anamlipa



Kila mwezi wa tisa mabishano ni yale yale: mtoto apelekwe shule ya serikali ao ya binafsi? Mzazi mwenye kupata kidogo, wa duka ao wa dhahabu, anakimbilia binafsi. Eti kule ndiko wanafundisha. Ukimuuliza wanafundisha nini kule ambacho huku hakifundishwi, anajibu: mtoto anasema Kifaransa.

Tuanzie hapo, maana hapo wazazi wetu wengi wanadanganyika. Programu ni moja kwa Kongo yote. Shule binafsi iliyokubaliwa na serikali inafuata programu hiyo hiyo, na mtoto wake wa mwaka wa sita anafanya mtihani ule ule wa taifa na mwenzake wa serikali. Tena sheria ya elimu ya tarehe 11/02/2014 inasema lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Kwetu maana yake ni Kiswahili, hata Kibembe. Mtoto wa miaka 6 anayesikia Kibembe nyumbani na Kiswahili sokoni, ukimtupa kwenye hesabu ya Kifaransa siku ya kwanza, atakariri tu. Siku ya kutangaza matokeo ataimba shairi lake mbele ya wageni, baba atapiga makofi. Mpe vijiti 12 awagawie watoto 3, atabaki anakuangalia. Kifaransa tunakihitaji, hakuna anayekipinga, maana mtihani wa dola unafanywa kwa Kifaransa. Lakini kukariri na kujua ni vitu viwili.

Sasa na sisi tunaotetea shule ya serikali tuseme ukweli, hata kama unauma. Katiba, kifungo cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni bilashi katika shule za serikali. Imeandikwa tangu 2006, ila serikali ilianza kuitekeleza kwa kweli mwezi wa tisa 2019. Watoto walirudi darasani kwa wingi, na hiyo ni haki yao, hatutaki mtu aifute. Lakini madarasa hayakuongezwa kwa mwendo ule wa watoto. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kusahihisha madaftari 80 kila jioni. Yule wa binafsi mwenye watoto 30 anaweza. Siri ya shule binafsi ni hiyo, wala haiko kwenye yunifomu.

Na kuna jambo lingine ambalo wakubwa hawapendi kusikia. Kabla ya 2019 wazazi ndio walimbeba mwalimu kwa ile tuliyoita prime. Prime ilipokatwa, mwalimu aliye kwenye listi ya serikali alibaki na mshahara wake, hata ukiwa mdogo. Mwalimu asiye kwenye listi, wale wa NU, alipoteza prime na hakupata kitu mahali pake. Mtu huyo tunataka afundishe kwa moyo gani? Analima, anaenda machimboni, ao anatafuta saa za kufundisha kwenye shule binafsi. Kwa hiyo mwalimu munayemsifu kule mara nyingi ni yule yule munayemlaumu huku. Hata mwenye namba akifuata mshahara wake anaweza kuacha darasa siku kadhaa, na barabara ya Kilembwe wakati wa mvua munaijua wenyewe.

Binafsi nako si paradiso. Mwalimu wa kule hana namba ya serikali, anaishi kwa pesa ya wazazi. Machimbo yakikauka, mzazi halipi, mwalimu halipwi, na mtoto anafukuzwa juu ya pesa ya shule, wakati mwingine katikati ya mitihani. Shule inayosimama juu ya dhahabu inaanguka pamoja na dhahabu.

Kwa hiyo hatusemi funga shule binafsi. Tunadai walimu wote wa NU wanaofundisha kweli Kilembwe waingizwe kwenye listi ya malipo, na listi hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kila shule, ili majina ya watu ambao hawajawahi kushika chaki yaonekane. Tunadai mshahara ulipwe karibu na mwalimu. Na madarasa yajengwe kule watoto waliko, si kule mgombea fulani anatafuta kura.

Wiki hii tunaomba kila kijana aliye na mdogo wake kwenye shule ya serikali ao ya binafsi amuulize maswali mawili: darasani muko wangapi, na mwalimu alifika siku ngapi? Tutumieni majibu bila jina la mtoto wala la mwalimu. Tukiyakusanya, tutaenda nayo kwenye ofisi ya elimu inayosimamia Kilembwe, na tutaomba jibu la maandishi.