Makumbusho si Mali ya Mgeni

Miongoni mwa dhana zilizokita mizizi katika vichwa vya watu wetu, hata zikasadikiwa na wenye elimu na wasio nayo, hakuna iniudhiyo kama hii: ya kwamba makumbusho yamewekwa kwa ajili ya watalii na watoto wa shule, na kwamba mtu mzima mwenye shughuli zake, akionekana humo, ama amepotea njia ama ana fedha za kuchezea.

Itazame Elsamere, nyumba iliyogeuzwa makumbusho, iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, chini ya migunga ya manjano ambamo mbega hurukaruka mchana kutwa, na mbele yake bustani iteremkayo hadi majini, waliko viboko. Ilikuwa maskani ya Joy Adamson, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1910 huko Troppau, katika dola ya Austria-Hungaria, naye aliifanya makao yake katika miaka ya 1960. Kila alfajiri wafanyakazi wa mashamba ya maua, wengi wao wakazi wa Karagita, huipita nyumba hiyo kwa barabara ya Moi South Lake, na ukimwuliza mmoja wao kuna nini mle ndani, atakujibu pasi na kusita: "Ni ya wazungu, ile ya simba."

Jibu hilo ni batili kwa pande zote mbili. Elsa, simba aliyelelewa na Joy, alikufa mwaka 1961 na kuzikwa Meru, kabla Joy hajahamia Naivasha, kwa hiyo hakulala katika nyumba hiyo hata usiku mmoja. Na wale wasafirio kutoka nchi za mbali kuja kunywa chai ya alasiri kwa heshima ya mnyama huyo, wanakunywa mahali asipopajua. Ama hiyo "ya wazungu", anayeingia na kutazama kutani atakutana na kazi ya mkono wa Joy mwenyewe, ambaye kabla ya kuandika habari za simba huyo alikuwa mchoraji, na ambaye mwishoni mwa miaka ya 1940 aliagizwa na serikali ya kikoloni azichore kabila za nchi hii katika mavazi na mapambo yao. Alichora mamia ya sura, ambazo fungu kubwa limehifadhiwa Nairobi. Nyumba ni ya mgeni, nakiri. Lakini nyuso ni za nani?

Hapo mpinzani wangu atasimama na hoja yake, nayo si dhaifu. Atasema kwamba serikali iliyoagiza sura za wazee wetu ndiyo ile ile iliyotangaza Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, ikawafungia watu kambini huku ikiyahifadhi mapambo yao; na kwamba mchoraji aliyatafuta yale aliyodhani yanatoweka, akayaacha mashati na kofia zilizokwisha kuvaliwa siku hizo. Nayakubali yote. Lakini maadamu picha ni ushahidi wenye walakini, ni nani atakayeutambua walakini huo ikiwa jamaa wa aliyechorwa amekaa nje ya lango?

Nilikwenda huko na shangazi yangu, ambaye umri wake umepita miaka sabini, na ambaye njia nzima kutoka Gilgil alikuwa akiuliza kwa nini tusiende sokoni. Mbele ya sura ya mwanamke alisimama, akainamisha kichwa, akagusa ncha ya sikio lake mwenyewe lililotobolewa zamani. "Hizi ni hang'i," akasema, akionyesha zile pete za shanga zilizoning'inia, "mama yangu alikuwa nazo. Nilikuwa nikilala mgongoni mwake, zikinigonga usoni akitembea." Kisha akauliza swali ambalo nadhani halijapata kuulizwa na mtalii hata mmoja mahali hapo: "Na huyu ni wa nyumba ya nani?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilifahamu papo hapo kuwa mgeni huja kutazama rangi, na mwenyeji huja kumtafuta mtu. Na kwamba elimu ya kuzisoma picha zile haimo vitabuni, bali katika vifua vya wazee ambao kila mwaka tunawazika. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja, miaka na miaka, na mwenyeji bado yuko barabarani akingoja matatu, akisema nyumba si yake.

Basi Jumapili ijayo, wewe uliye Nakuru, Gilgil au Karagita, usiende peke yako. Mchukue mzee wa nyumbani kwenu, umsimamishe mbele ya ukuta, kisha unyamaze umsikilize.