Mwenye Kiwanja si Hakimu

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika baadhi ya viwanja vya kuegeshea magari mjini Kampala methali hiyo imepata maana mpya, kwani humo mwenyeji hupona kwa kumfilisi mgeni. Mtu huingia na gari lake kwa dakika chache, akashughulikia haja yake, na arudipo hukuta gurudumu limefungwa pingu ya chuma, na kijana amesimama kando yake akidai fedha ambazo hazikutajwa wakati wa kuingia. Jambo hili limezoeleka mno, hata watu wengi hulipa bila kuuliza. Makala haya yakusudia kuuliza.

Nitaeleza kisa kimoja. Jirani yangu ni dereva wa teksi ya kukodi, mtu mzima mwenye watoto wanne, na gari analoliendesha si lake. Kila jioni hana budi kumpelekea mwenye gari kiasi walichopatana, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Siku moja alimchukua mama mmoja mgonjwa kutoka Wandegeya, akampeleka katika jengo la maduka lililo karibu na Kampala Road ili anunue dawa. Langoni hapakuwa na mtu wa kumpa tikiti wala wa kumwelekeza. Aliegesha, akamshika mama yule mkono, wakaingia ndani. Walikaa dakika 40. Walipotoka, gurudumu la mbele lilikuwa limekwisha kufungwa.

"Mzee, hapa ni pa wapangaji," alisema mlinzi. "Faini ni shilingi 100,000."

"Kijana wangu, nani aliniambia kwamba hapa ni pa wapangaji?"

"Kibao kipo, ssebo. Mimi nimeagizwa tu."

Kibao kilikuwapo kweli. Kilikuwa kimepigiliwa ukutani nyuma ya mti, mahali ambapo dereva aingiaye hawezi kukiona mpaka awe amezima gari na kushuka. Kilitaja ada ya shilingi 2,000 kwa saa kwa wageni, na chini yake, kwa herufi ndogo, kilisema kwamba gari lolote litakalokutwa mahali pa wapangaji litafungwa na mwenyewe atatozwa. Atatozwa kiasi gani, hakikusema.

Dereva alibembeleza, na mama mgonjwa naye akabembeleza. Mwishowe dereva alikopa kwa mwenzake kwa njia ya simu, akalipa. Stakabadhi hakupewa. Jioni ile mwenye gari hakupata chake, na watoto wanne walilala kwa uji.

Sasa natupime jambo hili kwa mizani ya hesabu kwanza, kabla ya mizani ya sheria. Ikiwa saa moja katika kiwanja kile ni shilingi 2,000, basi shilingi 100,000 ni bei ya saa 50, yaani siku mbili usiku na mchana na saa mbili juu yake. Dereva alikaa dakika 40. Hata tukikubali kwamba alikosea mahali pa kuegesha, na hata tukikubali kwamba mpangaji mmoja alizunguka akitafuta nafasi nyingine, hasara gani iliyompata mwenye jengo katika dakika hizo inayofikia bei ya siku mbili? Haipo. Kilichodaiwa pale hakikuwa malipo ya nafasi, wala hakikuwa fidia ya hasara. Kilikuwa adhabu. Mlinzi mwenyewe, kwa unyofu wake, aliiita kwa jina lake: faini.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Bei ni mali ya mwenye kiwanja. Adhabu ni mali ya sheria. Mwenye kiwanja ana haki ya kusema kwamba nafasi yake ni shilingi 2,000 kwa saa, au hata shilingi 10,000, na mtu asiyeipenda bei hiyo aende kwingine. Lakini hana haki ya kuwa mtunga sheria, askari, hakimu na mtoza faini kwa wakati mmoja, tena katika kesi ambayo yeye mwenyewe ndiye mdai. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 28, yasema kwamba mtu hatiwi hatiani kwa kosa la jinai ambalo halikuelezwa na sheria pamoja na adhabu yake. Kibao cha ukutani si sheria ya Bunge, na mlinzi wa lango si mahakama.

Yafaa tutofautishe jambo hili na ada za kando ya barabara. Barabara ni mali ya umma, na kwa miaka mingi kampuni binafsi ya Multiplex ilikusanya ada za kuegesha magari katika barabara za Kampala kwa mkataba na wakuu wa jiji. Watu walinung'unika sana juu ya ada hizo, lakini walau chanzo chake kilijulikana: ni mamlaka ya jiji, ambayo wananchi waweza kuihoji kupitia madiwani wao. Katika kiwanja cha mtu binafsi hakuna chanzo kama hicho. Kilichopo ni mapatano tu baina ya mwenye kiwanja na mwenye gari. Na mapatano yana kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mtu hafungwi na sharti ambalo hakuonyeshwa kabla ya kukubali. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilieleza jambo hili waziwazi katika kesi ya Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, ijulikanayo kuwa ya mwaka 1971. Bwana Thornton aliingiza gari lake katika jengo la kuegeshea mjini London, mashine ikampa tikiti, na masharti mengine yalikuwa yamebandikwa ndani. Majaji walisema kwamba masharti hayo yalichelewa: mapatano yalikuwa yamekwisha kufungwa. Hukumu za namna hiyo haziwafungi majaji wetu, lakini huwa na uzito mbele yao, kwani msingi wa sheria ya mikataba ya Uganda umetoka katika chimbuko hilohilo. Kibao kilichofichwa na mti hakina nguvu kuliko tikiti iliyotolewa mkononi.

Kanuni ya pili imo katika Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010. Sheria hiyo yasema kwamba mapatano yanapovunjwa, na ndani yake mlikuwa mmetajwa kiasi cha kulipwa au adhabu fulani, aliyekosewa anastahili kupata fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Msomaji atazame maneno hayo mawili: ya kadiri. Kiasi kilichotajwa ni kikomo tu, wala si haki ya moja kwa moja. Na pale ambapo hakuna kiasi kilichotajwa, kama katika kibao kile, shilingi 100,000 zilitoka wapi isipokuwa kinywani mwa aliyezitaka?

Najua wenye majengo watajibu, na jibu lao si la kupuuzwa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na tajiri naye ana haki yake. Nafasi mjini ni haba. Wapo watu waingiao asubuhi, wakaacha magari yao katika viwanja vya wenzao, wakaenda Kikuubo au Owino kufanya biashara mpaka jua kuchwa, huku mpangaji anayelipa kodi ya duka akikosa mahali pa kushushia bidhaa. Mwenye jengo afanye nini? Je, akae kimya?

La, asikae kimya. Mwaka 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, ambamo mtu aliyezidisha karibu saa moja juu ya saa mbili za bure alitozwa pauni 85. Alishindwa. Majaji walisema kwamba mwenye kiwanja ana maslahi ya halali katika kuhakikisha kuwa nafasi zinapokezanwa, na kwamba kiasi kile hakikupita kiasi. Lakini tuangalie sababu zao: vibao vilikuwa vingi, vikubwa, na vyenye kusomeka, na kiasi kilikuwa kimeandikwa waziwazi. Tena katika nchi hiyohiyo kufunga magurudumu ya magari katika viwanja vya watu binafsi kulipigwa marufuku katika England na Wales tangu Oktoba 2012. Na huko Scotland, tangu mwaka 1992, mahakama ilikwisha kuamua kwamba kulizuia gari la mtu ili atoe fedha ni unyang'anyi na wizi. Kwa hiyo wenye majengo wakitaka mfano wa Waingereza, na wauchukue wote, si nusu.

Je, mwananchi aliyefungiwa gari afanye nini? Kwanza, asivunje pingu ile kwa nguvu, kwani atakuwa amempa mwenzake kesi. Atumie simu yake kupiga picha ya kibao, ya lango, na ya mahali gari lilipo, na aandike saa. Aulize kwa upole: ni nani aliyeagiza, na kiasi hiki kimeandikwa wapi? Akilazimika kulipa kwa kuwa ana mgonjwa au kazi inamngoja, adai stakabadhi, na juu yake aandike kwamba amelipa kwa kulazimishwa bila kukubali deni. Akinyimwa stakabadhi, amwombe mtu aliyepo awe shahidi. Kisha aandike barua kwa wenye jengo akidai fedha zake.

Wasipojibu, mlango haujafungwa. Tangu kanuni za mwaka 2011 Uganda ina utaratibu wa madai madogo mbele ya mahakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Humo mtu hujieleza mwenyewe bila wakili. Utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya watu ambao zamani waliacha haki yao kwa sababu gharama ya kuidai ilizidi haki yenyewe. Shilingi 100,000 hazimtoshi wakili hata nauli ya kuvuka mji. Lakini kwa dereva wa teksi ni chakula cha juma zima.

Kuna watakaosema kwamba malalamiko ya watu wadogo hayabadilishi kitu. Nao watazame yaliyotokea Juni 2025. Mfumo wa mitambo wa kutoza faini za barabarani ulipoanza kuwaletea madereva madai ya shilingi 200,000 na hata 600,000, watu hawakunyamaza. Waliuliza faini zinapimwaje, na vibao vya mwendo viko wapi. Katika mwezi huohuo Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi iliusimamisha mfumo huo ili utazamwe upya. Ikiwa faini yenye mkono wa Serikali nyuma yake iliweza kuulizwa, itakuwaje ile isiyo na chochote nyuma yake ila pingu na mlinzi?

Jirani yangu aliandika barua. Tuliiandika pamoja barazani kwangu, ukurasa mmoja tu, tukataja tarehe, saa, kibao na mti wake, tukaitaja Sheria ya Mikataba, na mwishoni tukasema kwamba hatua itakayofuata ni mahakama ya madai madogo. Baada ya majuma mawili aliitwa ofisini. Hakuombwa radhi wala hakupewa maelezo. Alihesabiwa shilingi 98,000 mkononi, akaambiwa kwamba 2,000 zimekatwa kwa saa aliyoitumia. Aliziona kuwa halali, akashukuru, akaenda zake.

Nilifurahi kwa ajili yake, lakini furaha yangu haikukamilika. Walioweza kurudisha shilingi 98,000 kwa barua moja walijua tangu mwanzo kwamba hazikuwa zao. Ni wangapi waliolipa kabla yake na hawakuandika? Haki inayopatikana kwa ajuaye kuandika barua peke yake bado haijawa haki ya mji.

Kwa sababu hiyo ombi langu ni kwa Mamlaka ya Jiji la Kampala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010, na ambayo ndiyo itoayo leseni za biashara mjini. Kila mwenye kiwanja anayetoza wageni na atakiwe kutimiza mambo manne. Aweke kibao kikubwa langoni, kabla ya gari kuingia, chenye kutaja ada yote na kila malipo ya ziada kwa tarakimu, kwa Kiingereza, Kiluganda na Kiswahili. Atoe stakabadhi kwa kila shilingi. Aandike jina na anwani ya ofisi ya kupokea malalamiko. Na asilifunge gari la mtu aliye tayari kulipa ada iliyotajwa. Mambo hayo hayamnyimi mwenye jengo hata senti moja ya haki yake.

Juzi nilipita mahali pale kwa miguu. Kibao kingali ukutani nyuma ya mti, hakikusogezwa hata shubiri moja. Gari dogo jeupe lilikuwa limeegeshwa pale, na mlinzi alikuwa anainama kwenye gurudumu lake la mbele.